Bustani na Utulivu wa Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Tanga

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa watu wanaosimama langoni kwangu, Chumbageni, ambako ua uliokuwa umejaa kifusi na mifuko ya plastiki sasa una mchicha, bamia, asumini na mpapai mmoja mkaidi ambao haujawahi kuzaa. Mimi si daktari wala bwana shamba. Nilikuwa mwalimu, na nilishika jembe kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, baada ya msiba uliotufika nyumbani, kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kwa hiyo majibu haya yana mambo niliyoyasoma na mambo niliyoyaona kwa macho yangu, na nimejaribu kuyatenganisha ili msomaji ajue lipi ni lipi.

Je, ni kweli kwamba bustani humponya mtu mwenye huzuni?

Ni kweli kwa kiasi, na kiasi hicho kinastahili kusemwa waziwazi. Bustani haimrudishi marehemu, hailipi deni, haifuti talaka, wala haichukui nafasi ya dawa za mtu anayezihitaji. Jambo inalolifanya ni dogo, lakini hulifanya kila siku: humpa mtu kazi fupi yenye mwanzo na mwisho, katika kipindi ambacho kila kitu kingine maishani mwake kinaonekana hakina mwanzo wala mwisho. Mche wa pilipili uliopandikizwa jana utanyauka leo usipopata maji, na hausubiri mwenyewe ajisikie vizuri kwanza. Mimi naamini sehemu kubwa ya nafuu hutoka hapo, katika kuhitajiwa na kitu kisichouliza maswali, kuliko inavyotoka katika uzuri wa maua ambao ndio watu hupenda kuusifia.

Mwilini na akilini hutokea nini hasa?

Mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Kulima, kupalilia na kubeba ndoo ni mazoezi ya mwili, na mazoezi ya mwili hupunguza dalili za sonona na wasiwasi na kuufanya usingizi wa usiku uwe mzito zaidi. Mwanga wa asubuhi huusaidia mwili kutambua saa zake, jambo ambalo mtu mwenye majonzi hulipoteza upesi kwa sababu hulala mchana na kukesha usiku. Jambo la tatu ni umakini. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, walieleza katika miaka ya 1980 kwamba akili iliyochoshwa na kazi ya kujilazimisha kuzingatia hupumzika inapokuwa katika mazingira ya asili, kwa kuwa huko macho huvutwa taratibu bila kushurutishwa. Aliyewahi kumtazama sungusungu akiburuta kipande cha jani kuvuka tuta zima, akajikuta chai yake imepoa mkononi, anaelewa maneno hayo bila kufundishwa.

Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya wapenda maua?

Utafiti upo, ingawa mwingi umefanyika mbali na pwani yetu. Ulio maarufu zaidi ni wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984. Yeye alipitia kumbukumbu za hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, za kuanzia mwaka 1972 hadi 1981, akawalinganisha wagonjwa 23 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo na kulazwa karibu na dirisha lililotazama miti, na wengine 23 waliofanyiwa upasuaji huohuo lakini dirisha lao likatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, wastani wa takriban siku 8 badala ya karibu 9, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi.

Huo ulihusu kutazama tu. Kuhusu kulima kwenyewe, watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2011 jaribio lililowahusisha watu 30. Kwanza waliwapa wote kazi ya kuwatia msongo wa mawazo, kisha nusu yao wakapelekwa bustanini kwa dakika 30 na nusu wakakaa ndani wakisoma kwa muda huohuo. Kotizoli, ambayo ni homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka katika makundi yote mawili, lakini ilishuka zaidi kwa waliolima, na waliolima ndio waliorudiwa na furaha yao. Watu 30 ni wachache, na mtu mwenye busara hajengi nyumba juu ya msingi mwembamba namna hiyo. Hata hivyo tafiti nyingine nyingi zilizofuata zimeelekea upande uleule.

Nina huzuni kiasi kwamba hata kuinuka kitandani ni kazi. Nianzie wapi?

Anza na chombo kimoja. Nasema kimoja kwa makusudi, kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi ni la ndugu wenye upendo wanaomlimia mfiwa matuta sita kwa siku moja, wakampa mbegu za aina saba na kumwambia, "Haya, hii ndiyo itakuchangamsha." Baada ya wiki mbili matuta yamekuwa majani, na mtu yule amepata sababu nyingine ya kujilaumu.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Itoboe chini matundu matano kwa msumari uliopashwa moto, weka vipande vichache vya vifuu au kokoto, kisha ijaze udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, kiasi cha sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Mbegu za mchicha ni ndogo kama chembe za baruti, hivyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzinyunyiza ili zisirundikane mahali pamoja. Zifunike kwa udongo mwembamba sana na umwagilie kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Katika joto letu huanza kuchomoza kati ya siku ya tatu na ya tano, na baada ya wiki tatu au nne zinavunwa.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo aliyefiwa na mwanawe, alikaa miezi bila kutoka barazani. Nilimpelekea ndoo kama hiyo, nikampa shikamoo, nikamwambia kwamba nasafiri na sina wa kunimwagilizia. Kwa kweli sikuwa na safari yoyote. Siku ya nne alimtuma mjukuu wake aje kuniita, nami nikamkuta amechutama mbele ya ndoo, khanga ameifunga kiunoni, akinionyesha kwa kidole vishina vyekundu vyembamba kuliko uzi, vikiwa bado vimebeba maganda ya mbegu kichwani. "Mwalimu," alisema, "hivi vimekuja usiku, jana jioni havikuwapo." Hakusema jambo lingine lolote siku ile. Ndoo ile haikurudi kwangu, na sikuidai.

Naishi chumba cha kupanga na sina ua. Je, hili linanihusu?

Linakuhusu. Viroba vya mchele, ndoo na madumu yaliyokatwa ubavuni hutosha kwa mchicha, vitunguu vya majani, mnanaa na pilipili, mradi mahali hapo papate jua kwa muda wa saa nne au tano kila siku. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kuanza, na umwonyeshe kwamba maji hayatatiririka ukutani, kwa maana ugomvi na mwenye nyumba utakuondolea utulivu wote ulioutafuta.

Ikiwa mahali pako hapana jua, usikate tamaa, maana ipo mimea ya kivulini. Ua dogo la zambarau linalopendwa sana madirishani Ulaya, ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara, lilitoka katika misitu ya mkoa wetu. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19, na jina la kisayansi ililoitwa kwa muda mrefu, Saintpaulia, linamkumbusha yeye. Inanishangaza kila mara kwamba bibi wa Berlin anafarijiwa na ua la milimani kwetu, ilhali wengi wetu hapa mjini hatujawahi kuliona. Joto la mjini, hata hivyo, hulisumbua, na kwa kivuli cha huku chini mnanaa na mchaichai ni rahisi zaidi.

Kwa udongo na hali ya hewa ya Tanga, nipande nini?

Hapa ningependa kutulia kidogo, kwa sababu bustani inayokataa kuota haimfariji mtu.

Maeneo mengi ya mji yana udongo wa kichanga, na karibu na bahari mawe ya matumbawe hayako mbali na uso wa ardhi. Kichanga hunywa maji upesi na kuyapoteza upesi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukitia kitu cha kushika unyevu. Tunayo bahati ya minazi. Makumbi yaliyochambuliwa na kuloweshwa kwa siku chache, kisha kuoshwa ili chumvi itoke, hushika maji vizuri ajabu, na yakitandazwa juu ya tuta huzuia jua lisiikaushe mizizi. Majani makavu ya mwembe na ya mgomba hufaa vilevile. Machicha ya nazi, ambayo kila nyumba huyamwaga, yapelekwe kwanza katika shimo la mboji, kwa sababu yakitupwa mabichi shambani huita siafu na panya.

Kwa anayeanza, matembele ndiyo yasiyokatisha tamaa kabisa. Unakata mashina yenye urefu wa shibiri, unayafukia nusu, unamwagilia, na baada ya wiki moja yameshika. Bamia huchukua takriban miezi miwili, lakini hulipa kwa ua lake la manjano lenye jicho jeusi, linalofunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo. Atakayechelewa kuamka atalikosa, na nawajua watu wawili wanaoamka mapema kwa ajili hiyo tu. Mgagani na mnavu huota karibu bila kuombwa. Pilipili mbuzi, mrehani, mchaichai na mdimu hukaa kwa muda mrefu na humsamehe mtu aliyesahau siku moja au mbili. Kabichi na karoti ningewaachia watu wa Lushoto, kwa kuwa hupenda baridi, na sioni sababu ya mtu aliyechoka moyo kushindana na hali ya hewa.

Nianze msimu gani, na vipi kuhusu maji?

Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndizo nyakati rahisi, kwa sababu mbingu hukusaidia kazi. Masika yenyewe yaweza kuzidi, hivyo inua matuta ili mizizi isioze. Kipindi kigumu ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ambapo jua ni kali na mtu hulazimika kumwagilia mara mbili, kabla ya jua kupanda na baada ya alasiri.

Jihadhari na maji ya visima vilivyo karibu na bahari. Yakiwa na chumvi, majani huungua kingoni kana kwamba yamepitiwa na moto, na miche michanga hufa kabla mkulima hajajua kosa ni lipi. Yaonje kwanza. Maji yaliyooshea mboga, mchele na samaki ambao hawajatiwa chumvi yanafaa kabisa, na kuyabeba kutoka jikoni hadi uani ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa utulivu wa moyo, ni bora maua au mboga?

Wengine watakuambia maua, mimi nasema anza na mboga. Mboga huleta jambo la pili bila kukawia: chakula mezani, na mtu anayekisifu. Aliyekata tamaa huwa anaamini kwamba hana faida kwa yeyote, na fungu la mchicha lililopikwa kwa nazi hulipinga wazo hilo vizuri kuliko mawaidha yangu.

Maua huja baadaye, nayo yana uwezo ambao mboga hazina, yaani harufu. Asumini hufungua vitumba vyake jioni, na ndiyo sababu huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikafunguka usiku nyweleni au juu ya mto. Harufu huamsha kumbukumbu kwa nguvu ambayo picha haina. Kwa mtu aliyefiwa hilo ni jambo la kuangaliwa, kwa maana asumini, kilua na mrehani ndivyo vilivyofumwa katika vikuba vya harusi yake, na ua moja laweza kumrudisha huko bila taarifa. Kuna anayefarijika na kuna anayeumia. Usimpandie mtu mti wa harufu pasipo kumuuliza.

Nimo katika eda. Je, naweza kushughulika na bustani ya uani?

Hukumu za eda aulizwe sheikh wako, anayejua hali yako. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa mtu kukaa akitazama ukuta, na wajane kadhaa ninaowafahamu walitunza mboga ndani ya ua wao kwa idhini ya masheikh wao, bila kutoka nyumbani. Kwa kuwa mwenye eda hujiepusha na manukato, wao waliacha asumini zichanue zenyewe bila kuzichuma. Kutoka kupanda mbegu hadi kuvuna mchicha ni chini ya mwezi, kwa hiyo eda moja ina mavuno manne, na mmoja wao aliniambia kwamba alizihesabu siku zake kwa hayo.

Je, dini inasemaje kuhusu kupanda?

Hadithi inayojulikana sana kwetu inasema kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, yeye huandikiwa sadaka. Ndugu zetu Wakristo nao husoma kwamba mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Nimeona kwamba maneno haya huwasaidia hasa wale wanaopanda kwa kumkusudia marehemu, kama yule mzee wa Makorora aliyepanda mkomamanga kwa ajili ya mkewe na ambaye hata leo hawafukuzi ndege.

Mimea yangu imekufa, na sasa najisikia vibaya kuliko mwanzo. Nifanye nini?

Kwanza tafuta sababu, kwa kuwa karibu kila mara sababu ipo na si mkosi wako. Mwaka wangu wa kwanza nilisikia kwamba mbolea ya kuku ina nguvu, nikaenda kwa mfugaji nikaleta gunia zima bichi, bado lina joto na harufu ya kukata pumzi, nikalimwaga lote juu ya mchicha uliokuwa na umri wa siku kumi. Kesho yake asubuhi tuta zima lilikuwa limelala, rangi ya majani ya chai. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikalia kama mtoto, na hata mimi nilijua kwamba sikuwa nalilia mchicha. Mbolea ya kuku haina budi kukaa miezi kadhaa ioze kabla ya kutumiwa, la sivyo huchoma mizizi. Sasa najua.

Wakati mwingine kosa ni la mbegu. Nimewahi kununua pakiti dukani, tarehe yake imefutwa kwa kucha, na isiote hata moja. Tangu siku hiyo huzijaribu kwanza: natandaza mbegu kumi juu ya kitambaa chenye unyevu, nakifunika kwa sahani, na baada ya siku chache nahesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya tano, nazirudisha kwa muuzaji.

Lakini swali hili lina upande wa pili. Ikiwa kufa kwa mche mmoja kunakusukuma kujiona wewe mwenyewe hufai kuishi, tatizo limevuka mipaka ya bustani, na jibu lako liko katika swali linalofuata.

Ni wakati gani bustani haitoshi?

Huzuni, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na kushindwa kula au kufanya kazi, yakidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, yanaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwaeleze bila haya, nao watakuelekeza ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayefikiria kujidhuru, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Hapa naongeza onyo ambalo vitabu vya kilimo havilitii mkazo. Katika nyumba yenye mtu mwenye majonzi makali, sumu ya wadudu isiwekwe kabisa. Fikra za kujidhuru mara nyingi huja kama wimbi na kupita, na mtu huokoka kwa sababu tu hakukuwa na kitu cha hatari karibu naye wimbi lilipokuja. Nchini Sri Lanka, vifo vya kujiua vilipungua sana baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi. Bustani ya nyumbani haivihitaji. Maji yaliyoloweshwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, pamoja na sabuni kidogo ya kipande, hutosha kwa vidukari, na viwavi huokotwa kwa mkono.

Nina ndugu anayetumia dawa za ugonjwa wa akili. Je, kazi ya bustani inamfaa?

Mara nyingi humfaa sana, na mkoa wetu una historia ndefu katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 mahali hapo pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya siku ya mgonjwa. Mtu akizoea kutazamwa kama mzigo, kukabidhiwa reki ni kukabidhiwa heshima.

Zingatia mambo mawili. Baadhi ya dawa hizo, klopromazini ikiwa mojawapo, huifanya ngozi iungue upesi juani, kwa hiyo afanye kazi asubuhi au jioni, avae kofia na nguo za mikono mirefu, na anywe maji ya kutosha. La pili, asiache dawa kwa sababu bustani imemchangamsha. Nimeona familia zikifanya kosa hilo kwa nia njema kabisa, na mwisho wake haukuwa mwema.

Kuna hatari nyingine za kuangalia?

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, hivyo hakikisha chanjo yako iko sawa, na jeraha lolote lioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Mjamzito avae glavu, kwa sababu kinyesi cha paka kilichofukiwa kichangani chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Utomvu wa mnyaa, ambao wengi wetu tumeufanya ua wa nyumba, ukiingia jichoni huumiza vibaya, basi ukate ukiwa umekaa upande unakotoka upepo. Sahani za chini ya vyungu na makopo yaliyoachwa wazi zimwagwe maji angalau mara moja kwa wiki, kwani mbu wa homa ya dengue hukamilisha makuzi yake katika maji machache yaliyotulia kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi.

Ni vizuri kulima peke yangu au pamoja na wenzangu?

Anayetaka ukimya aachwe na ukimya wake, angalau mwanzoni. Baadaye kundi dogo husaidia, hasa mahali ambapo mazingira yenyewe yanaumiza macho. Mjini Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi na miti, vingine vikazolewa taka tu, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba, kwa kulinganisha na wakazi wa karibu na viwanja vilivyoachwa, idadi ya waliosema wana huzuni ilipungua kwa takriban asilimia 41 pale palipopandwa, ilhali kuzoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Kila nipitapo Ngamiani nikaona kiwanja kilichogeuzwa jaa katikati ya nyumba, naikumbuka tarakimu hiyo. Kabla ya kukigusa kiwanja cha namna hiyo, hata hivyo, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mjue ni cha nani, msije mkalima kwa mwaka mzima kisha mwenyewe akaja na matofali.

Majirani wanasema nimechanganyikiwa kwa sababu naongea na mimea. Niache?

Usiache. Punguza sauti tu.

Mboga zikizidi nifanye nini?

Gawa, na ugawe mbichi, siku ileile ya kuchuma. Mtu aliyejitenga kwa huzuni huona aibu kubisha hodi mikono mitupu, lakini akiwa na fungu la matembele ana sababu ya kufika mlangoni, na hahitaji kueleza alikuwa wapi miezi yote ile. Desturi yetu itafanya kazi iliyobaki, kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu. Mwezi uliopita nilipeleka bakuli la bamia nyumba ya tatu kutoka kwangu. Lilirudi Ijumaa likiwa na vitumbua vinne vya moto, na chini yake, ndani ya kipande cha gazeti kilicholowa, mche wa mbilimbi wenye majani mawili. Sina pa kuupanda. Kwa sasa umekaa katika ndoo, kando ya mpapai.